Nyota Zetu Zinatajwa na Wageni

Kupatwa kwa jua huwakusanya watu wasiojuana, tena mahali ambapo siku nyingine ni wachache wangependa kwenda. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli cha mwezi kilipita kaskazini mwa Kenya, na wanasayansi wa Marekani wakapiga kambi Loiyangalani, kando ya Ziwa Rudolf kama lilivyoitwa wakati ule. Miaka 40 baadaye, tarehe 3 Novemba 2013, kivuli kilirudi katika ziwa lile lile, ambalo sasa ni Turkana. Safari hiyo nami nilikuwa miongoni mwa waliokwenda.

Mahema yetu yalikuwa upande wa mashariki wa ziwa, katika mbuga ya Sibiloi, penye mawe na upepo usiolala. Walikuwapo Wajapani, Wapoland, Waturuki, Wamarekani, na sisi Wakenya wa bara na wa pwani. Jua halipatwi ila mwisho wa mwezi, nasi tulikuwa tunaumaliza Mfunguo Tatu wa mwaka 1434, kwa hivyo usiku haukuwa na mbalamwezi hata chembe. Jua likizama, Zuhura ikiwaka magharibi juu ya maji kama taa ya jahazi, kisha mbingu nzima ikajaa.

Bibi mmoja wa Kipoland, mwenye darubini ya urefu wa mkono, alikuwa akitutajia nyota moja moja: Altair, Vega, Deneb, Fomalhaut. Nikamwomba ayarudie polepole. Mtu aliyekalishwa mkekani chuoni akafunzwa herufi na irabu hawezi kuyasikia majina hayo asiyatambue, hata yakitamkwa kwa ulimi wa Warsaw. Altair ni at-tair, tai arukaye. Vega ni al-waqi, tai atuaye. Deneb ni dhanab, mkia. Fomalhaut ni fam al-hut, kinywa cha samaki. Majina haya yamo katika ilimu iliyokusanywa na watu kama Abdurrahman As-Sufi wa Uajemi, aliyetunga kitabu chake cha nyota yapata mwaka 964. Wazungu waliyapokea kwa kutarjumu vitabu vya Kiarabu, hasa huko Toledo, Uhispania, katika karne ya 12. Bibi yule alikuwa ameyahifadhi tangu utotoni bila kujua maana yake. Nilipomfasiria alicheka kwa furaha, akatoa daftari akaandika.

Yapata saa mbili usiku kilitoka Kilimia, lile kundi dogo la nyota upande wa mashariki. Hapo kila mtu akawa na lake la kusema. Mjapani alisema kwao huitwa Subaru, nasi Wakenya tukacheka, maana kumbe nyota zile twaziona kila siku barabarani, zimebandikwa mbele ya magari. Mturuki akasema Ülker. Mimi nikasema Waarabu huliita Thuraya, na sisi Waswahili tumelipa jina litokalo katika kulima, kwa kuwa wazee walilitazama wakajua majira. Hata msemo upo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Mzee mmoja msemaji wa Kiborana, aliyekuja na gari la maji kutoka pande za Marsabit, alikuwa amesimama kando akisikiliza. Akasema: “Sisi twaliita Busan.” Kisha akatueleza jinsi wajuzi wao, waitwao ayyantu, wanavyohesabu siku na miezi kwa kuangalia mwezi umesimama pamoja na nyota gani. Hesabu hiyo imeandikwa na mwanachuoni Asmarom Legesse katika kitabu chake juu ya Gada, kilichotoka mwaka ule ule wa 1973. Baada ya karibu saa nzima ilitoka nyota nyekundu nyuma ya Kilimia. Bibi wa Poland akasema Aldebaran. Mzee akasema Bakkalcha. Nami nikawaambia ad-dabaran maana yake ni mwenye kufuata, kwa kuwa daima huifuata Thuraya. Mzee akaitikia kwa kichwa. Naye alijua kwamba ile hufuata.

Tulipokuwa tukinywa chai, kijana mmoja wa Lamu, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kupiga picha, aliniuliza kwa sauti ya chini: “Ami, haya mambo ya falaki si ya waganga?”

Swali lile ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hakuuliza kwa ujinga. Kwetu siku hizi neno falaki limebakia kwa mwenye kufungua kitabu amtazamie mtu nyota yake kabla ya kuoa au kusafiri. Ilimu ya nyota tumewaachia watabiri, na kwa kuwa utabiri dini imeukataza, tumeitupa na ilimu yenyewe. Wazee wake kijana yule hawakuwa waganga. Walikuwa manahodha. Ukiwa Lamu huioni nyota ya Jaa, maana imo chini ya upeo wa macho. Jahazi likipanda kaskazini na kuipita Mogadishu, Jaa huanza kuchungulia, na kila unapozidi kwenda ndipo nayo inapozidi kupanda. Nahodha aliipima kwa vidole, au kwa kibao chenye uzi wa mafundo, akajua amefika wapi. Upande wa pili alikuwa na Suheli, iliyoupa kusini jina lake. Nilimweleza hayo yote, naye akabaki ameinua uso juu kwa muda mrefu.

Kesho yake alasiri mwezi ulianza kulila jua. Sisi Waislamu wachache, dereva wa Kisomali, Waturuki wawili, kijana yule na mimi, tulisimama kusali sala ya kupatwa kwa jua, rakaa mbili, kila rakaa na rukuu mbili. Kwa madhehebu yetu ya Shafii yaruhusiwa hata baada ya Alasiri, kwa kuwa ni sala yenye sababu. Niliwakumbusha wenzangu kuwa jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Watu wakasema jua limemlilia. Yeye mwenyewe, katika msiba wake, aliwakanya: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Basi mwenye kumtafutia mtu bahati yake katika nyota na alizingatie hilo.

Giza kamili lilikuwa la sekunde zisizotimia 20, nasi hatukuliona jua lilivyofunikwa. Ilivuma tufani ya vumbi, wingu likatanda, kukawa giza kisha kukawa mwanga. Watu waliotoka mabara manne walitazamana, kisha wakaenda kushikilia mahema yasipeperuke. Usiku ule mbingu ilipotakata walirudi kwenye nyota zao, maana nyota hazikuwa za sekunde 20.

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia twagombana juu ya mwandamo wa mwezi, na wengi wetu hatujui mwezi huo utatokea kushoto au kulia mwa pale jua lilipozama. Kibla, nyakati za sala na tarehe za Hijria zote zatoka katika ilimu hii. Njia ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027 inapita Luxor, Jeddah na Makka yenyewe, na giza la hapo Makka ni la dakika 5 hivi. Rai yangu kwa maalimu wa vyuo vyetu ni ndogo: mara moja kwa mwezi, baada ya Isha, watoeni watoto nje muwaonyeshe Kilimia, Suheli na Zuhura, na muwafunze majina. Haihitaji darubini wala ada. Na wale manahodha wachache waliosalia waulizwe wangali hai.