Naitrojeni: Kutoka Mfuko wa Mbolea hadi Maji ya Kisima

Hewa tuivutayo ina naitrojeni kwa kiasi cha asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Sharti kwanza ibadilishwe. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, hasa wale waishio katika vinundu vya mizizi ya maharage, kunde na karanga. Radi nayo huchangia kidogo. Viwandani hufanywa kwa joto na mgandamizo mkubwa, na zao lake ni mbolea. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, ilhali mfuko wa CAN wenye asilimia 26 una kilo 13 tu. Mnunuzi asilinganishe bei kabla ya kuisoma namba ya kwanza katika zile tatu zilizoandikwa mfukoni.

Ndani ya mmea, naitrojeni huwa sehemu ya protini: ya punje ya mahindi, ya jani la mchicha, kisha ya maziwa na nyama, na hatimaye ya misuli yetu wenyewe. Hurudi ardhini kwa samadi, mkojo na mabaki ya mimea, ambako bakteria wengine huigeuza kuwa amonia, kisha naitreti ambayo mizizi huifyonza. Penye udongo uliotuamisha maji, wapo bakteria wanaoirudisha hewani.

Si yote inayomfikia mlengwa. Urea iliyoachwa juu ya udongo wenye joto hutoka kama amonia, na ile harufu kali ni fedha ya mkulima inayokwenda zake, hivyo ifukiwe. Naitreti nayo huyeyuka upesi na udongo hauishiki, basi mvua kubwa huishusha hadi kwenye maji ya ardhini. Choo cha shimo au zizi lililo karibu na kisima huleta madhara yale yale.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa. Maji yaliyozidi kikomo hicho huweza kuonekana safi kabisa. Anayehatarika zaidi ni mtoto wa chini ya miezi sita anyweshwaye maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwani damu yake huweza kushindwa kubeba oksijeni. Midomo na kucha zikigeuka buluu au kijivu, apelekwe hospitali mara moja.

Kuchemsha huua vijidudu, na desturi hiyo isiachwe. Lakini hakuondoi naitreti. Maji yapunguapo kwa mvuke, naitreti hubaki na kukolea zaidi. Dawa ya klorini haiiondoi, wala kuchuja kwa kitambaa. Mwenye kisima karibu na shamba, zizi au choo ayapeleke maji yake kupimwa katika maabara ya maji, na kabla ya majibu kupatikana, maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji ya chanzo kingine kilichopimwa.