Kisauni, maji ya paa lako yanaenda wapi?
Masika ya Mei yakifika, vichochoro vya Kisauni vinageuka mito, na uchafu wa vyoo unaishia kwenye visima tunavyochota. Hebu piga hesabu: paa la mita mraba 50, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000. Mitungi 50 hiyo, yote mlangoni kwa jirani!

Suluhisho ni bustani ya mvua. Chimba shimo pana la kina cha sentimita 15, mita tatu kutoka ukutani, mbali na choo na kisima. Lijaze maji: yakikauka ndani ya siku moja, ardhi inanyonya, mbu hawatazaana. Elekeza mfereji wa paa hapo. Panda majimbi katikati, mchaichai kandokando. Mitaro ya kaunti tuidai, lakini mitungi 50 ni yako.