Banio la mto lisipotunzwa, kichocho hubisha hodi

MVULANA anapokojoa mkojo wenye damu, katika baadhi ya jamii husemwa kuwa ni dalili ya kubalehe. Sivyo. Damu kwenye mkojo ni ugonjwa, na kwa wanaoishi karibu na mito, mabwawa na mifereji ya umwagiliaji, jambo la kwanza la kufikiria ni kichocho.

Kichocho husababishwa na minyoo wanaoishi kwenye mishipa ya damu. Mgonjwa anapojisaidia ndani au karibu na maji, mayai ya minyoo huanguliwa na vimelea huingia kwa konokono wa majini. Humo huzaliana, kisha hutoka na kutoboa ngozi ya mtu ndani ya dakika chache tu. Huhitaji kunywa maji hayo. Kuoga, kufua au kuvuka mfereji kunatosha.

Banio linahusikaje?

Konokono hawa hawapendi maji yaendayo kasi. Tunapojenga banio au bwawa, maji hutulia, magugu huota, nao hupata makazi na chakula.

Mfano mzuri ni Mto Senegal, Afrika Magharibi. Bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986 karibu na mdomo wa mto ili kuzuia maji ya chumvi ya bahari yasiharibu kilimo. Kilimo kilinufaika, lakini maji baridi ya mwaka mzima yaliwafaa pia konokono. Mwaka 1988 kichocho cha tumbo kiligunduliwa katika mji wa Richard-Toll, na ndani ya miaka michache zaidi ya nusu ya wakazi waliopimwa walikuwa nacho.

Kulikuwa na sababu nyingine. Kamba wa mtoni, ambao hula konokono, huhitaji kushuka hadi kwenye maji yenye chumvi kiasi ili wazaliane. Bwawa liliwafungia njia. Watafiti waliporudisha kamba kwenye eneo la kijiji kimoja na kuchapisha matokeo mwaka 2015, konokono wenye vimelea walipungua, na watu waliokwisha kutibiwa walipata maambukizi mapya machache kuliko wa kijiji cha jirani.

Hii haina maana tubomoe kila banio, kwani mashamba yanalitegemea. Lakini banio linaweza kurekebishwa: kuwekewa njia ya kupita samaki na kamba, kufunguliwa mara kwa mara ili maji yapande na kushuka na konokono wakauke ukingoni, na mifereji kusafishwa magugu au kusakafiwa. Banio lililotelekezwa na lisilo na kazi ni heri liondolewe kwa ushauri wa wataalamu, mto upate kutiririka. Wazazi mnaweza kulizungumzia kwenye mkutano wa kijiji au wa umoja wa wamwagiliaji.

Dalili za kuangalia

Mtoto anaweza kuwashwa ngozi baada ya kuoga mtoni, kisha wiki kadhaa baadaye kupata homa na kikohozi. Baadaye huja mkojo wenye damu, au maumivu ya tumbo na choo chenye damu. Wengine hupungukiwa damu, hudumaa na hushindwa kufuatilia masomo. Kisipotibiwa, huharibu ini na kibofu, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana na wanawake huweza kuathiri via vya uzazi, na dalili zake hudhaniwa kuwa magonjwa ya zinaa.

Ufanye nini?

Mpeleke mtoto kituo cha afya apimwe mkojo na choo. Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito au urefu, na ni vizuri anywe akiwa ameshakula. Watoto wanaogeshwa mtoni huambukizwa hata kabla ya kuanza shule. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya kinga kuanzia umri wa miaka 2.

Kumbuka, dawa huua minyoo waliokomaa lakini haizuii maambukizi mapya. Tumia choo. Usimruhusu mtoto kucheza kwenye maji yaliyotuama, hasa mchana, vimelea wanapokuwa wengi. Maji ya kuoga kutoka mtoni yachemshe, au yahifadhi siku mbili kwenye chombo chenye mfuniko. Wanaofanya kazi mashamba ya mpunga wavae buti.