Kichwa cha gia kimegoma kutoka? Tumia macho kabla ya misuli

Kichwa cha gia, kile kinachoshikwa na kiganja cha dereva kila anapobadilisha gia, ni kifaa kidogo tu. Lakini siku kikichakaa na mwenye gari akataka kuweka kingine, kinaweza kumtoa jasho. Anakizungusha, hakiendi. Anakivuta, wapi! Mwisho anachukua plaiza na kukibana kwa hasira, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Mara nyingi kichwa hicho hakijanasa kabisa. Tatizo ni kwamba kinazungushwa wakati kimefungwa kwa skrubu, au kinavutwa wakati kinatakiwa kuzungushwa.

Kimefungwaje?

Kabla ya kugusa chochote, injini izimwe, hendibreki ivutwe na magurudumu yawekewe jiwe au kabari. Gari ikiwa kwenye gia huru inaweza kuserereka.

Kisha lile pazia la ngozi au plastiki lililo chini ya kichwa linainuliwa taratibu ili kuangalia. Zipo njia tatu zinazotumika sana:

1. Nyuzi za skrubu. Magari mengi ya manyuali kutoka Japani yako hivi. Kichwa kinatoka kwa kuzungushwa kinyume na mwendo wa saa, kama kifuniko cha chupa. Baadhi yana nati chini yake, nayo inalegezwa kwanza.

2. Skrubu ndogo. Otomatiki nyingi zina skrubu mbele au pembeni ya kichwa. Vichwa vya urembo vya dukani navyo hukazwa kwa viskrubu vidogo vinavyofunguliwa kwa alenkii.

3. Kubanwa. Baadhi ya magari ya Ulaya yana kichwa kilichosukumizwa au kubanwa na pete. Hiki kinavutwa kwenda juu. Dereva aweke uso mbali, kwa sababu kikiachia ghafla kinaweza kumpiga mdomoni.

Otomatiki inahitaji umakini zaidi. Kichwa chenye kitufe cha O/D kina nyaya ndani. Ukikizungusha kwa nguvu, nyaya zinakatika na kitufe kinakufa.

Kama ni cha nyuzi na kimegoma kweli

Sababu kubwa huwa ni tatu: kutu, kukazwa kupita kiasi, au gundi iliyowekwa na aliyekifunga mara ya mwisho.

Hatua ya kwanza ni kupata mshiko. Glavu za mpira zinasaidia kuliko mikono mitupu. Zikishindwa, ile spana ya mkanda ya kufungulia filta ya oili inafanya kazi vizuri, na haiachi alama za meno kama plaiza.

Hatua ya pili ni joto. Taulo lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, au draya ya nywele, linaweza kulainisha gundi. Kichwa cha aluminiamu kinatanuka zaidi kuliko fimbo ya chuma iliyo ndani yake, kwa hiyo kinalegea. Moto wa gesi usikaribie kabisa, maana plastiki na ngozi viko pale pale.

Hatua ya tatu ni dawa ya kulegeza kutu kama WD-40. Inapuliziwa pale kichwa kinapokutana na fimbo, inaachwa kwa muda, kisha mtu anajaribu tena. Baada ya kupulizia, asirudie joto. Dawa hiyo inashika moto.

Katika hatua zote, mtu wa pili aishike fimbo ya gia kwa plaiza iliyozungushiwa kitambaa. Asipofanya hivyo, nguvu yote inashuka chini kwenye bushi za gia, na kuzirekebisha ni gharama kuliko kununua kichwa kipya.

Kikikataa kabisa, na ni cha kutupwa, fundi anaweza kukikata kidogo kidogo kwa msumeno wa chuma bila kugusa nyuzi za fimbo.

Kipya kiendane

Nyuzi hazifanani. Kwa manyuali, Toyota kwa kawaida ni M12 x 1.25, Honda ni M10 x 1.5, na Nissan na Mazda ni M10 x 1.25. Kichwa cha saizi nyingine kikilazimishwa, kinakula nyuzi za fimbo.

Nyuzi zisafishwe kwa brashi ya waya, kipya kikazwe kwa mkono, na gia zote zijaribiwe gari ikiwa imesimama. Super glue isitumike, ndiyo inayomtesa atakayekuja kukifungua baadaye.

Na kikibaki kinacheza, gari isitoke. Dereva anayeshuka mteremko kama wa Kitonga anahitaji gia nzito kwa sekunde ileile, siyo kujikuta ameshika kichwa cha gia mkononi huku fimbo imebaki pale chini.