Kompyuta Mpakato Kugoma Baada ya Kuhamia Windows 11: Vyanzo, Hatua za Kuchukua na Siku 10 Zisizopaswa Kupotea

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi umekuwa ndani ya kompyuta nyingi za ofisini, shuleni, madukani na majumbani. Hatua hiyo haikuzima kompyuta ya mtu. Kilichokoma ni marekebisho ya kiusalama yaliyokuwa yakitolewa bila malipo kila mwezi, na kwa sababu hiyo watumiaji wengi wamelazimika kuhamia Windows 11.

Kuhama kwenyewe ni kazi ya saa chache. Matatizo hujitokeza baadaye: kompyuta haioni mtandao, printa haitoi karatasi, au asubuhi moja inawaka na kudai ufunguo ambao mwenyewe hajawahi kuusikia. Kwa mfanyabiashara anayepaswa kuwasilisha ritani ya VAT kabla ya tarehe 20 ya mwezi, au mzabuni ambaye muda wa kuwasilisha zabuni katika mfumo wa NeST unakaribia kufungwa, hitilafu hiyo ni hasara ya fedha. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo hayo yana vyanzo vichache vinavyofahamika, na mengi hutatuliwa bila kufuta chochote.

Jambo la kwanza ambalo mtumiaji anapaswa kulifahamu ni kwamba Windows 11 inapowekwa juu ya Windows 10, mfumo wa zamani haufutwi papo hapo. Huhifadhiwa katika kabrasha liitwalo Windows.old, na kwa siku 10 mtumiaji anaweza kuurejea kupitia Mipangilio, sehemu ya Mfumo, kisha Urejeshi, kwenye kitufe cha kurudi toleo la awali. Nyaraka na picha hubaki. Programu zilizowekwa baada ya kuhama ndizo huondoka. Siku ya 11 kabrasha hilo hufutwa na mfumo wenyewe, na njia hiyo hufungwa. Inafaa basi tarehe ya kuhama iandikwe mahali, na kazi zote muhimu zijaribiwe ndani ya siku hizo: kuchapisha, kuskani, kuingia katika mifumo ya Serikali, kufungua programu ya hesabu, na kutumia kamera katika mkutano wa mtandaoni.

Wapo wanaoipoteza nafasi hiyo mapema zaidi kwa mikono yao. Kabrasha la Windows.old huweza kuchukua zaidi ya gigabaiti 10, na diski inapokaribia kujaa mtumiaji hushawishika kulifuta ili apate nafasi. Ni afadhali kuhamishia picha na video kwenye diski ya nje kuliko kufuta daraja la kurudia kabla ya kuhakikisha kwamba ng'ambo kuna usalama. Ofisi inayohitaji muda mrefu wa majaribio inaweza kumwomba ofisa TEHAMA aongeze siku hizo kabla hazijaisha. Upo uwezo wa kuzifikisha 60 kwa amri ya DISM.

Tatizo zito kuliko yote, na ambalo ndilo huweza kumpotezea mtu kazi ya miaka, ni skrini ya bluu inayodai ufunguo wa urejeshi wa BitLocker wenye tarakimu 48. BitLocker ni kinga inayosimba taarifa zote zilizomo ndani ya diski ili mwizi wa kompyuta asiweze kuzisoma hata akiing'oa diski hiyo na kuiweka katika mashine nyingine. Kwa kawaida kinga hiyo hujifungua yenyewe kompyuta inapowaka, kwa kuwa kidude cha usalama kilichomo ndani, kiitwacho TPM, huthibitisha kwamba mashine haijachezewa. Pale kinapoona mabadiliko kisichoyatambua, hukataa kufungua na kudai ufunguo.

Uhusiano wa jambo hili na Windows 11 ni wa moja kwa moja. Mfumo huo mpya unahitaji TPM toleo la 2.0 na uwezo wa kuwaka kwa usalama uitwao Secure Boot. Mtumiaji anayeambiwa kwamba kompyuta yake haijakidhi vigezo huingia katika mipangilio ya BIOS, mara nyingi kwa maelekezo ya rafiki, na kuwasha au kuzima hiki na kile. TPM huona mashine imebadilika. Kompyuta ikiwashwa tena, tarakimu 48 zinadaiwa.

Aliyefikia hapo asibonyeze lolote kwa haraka. Kama ameshabadilisha mipangilio ya BIOS, arudi humo na kuiacha kama ilivyokuwa. Mara nyingi kompyuta huwaka bila kudai ufunguo tena. Chaguo la kufuta TPM lisiguswe kabisa, kwani likitekelezwa funguo zilizomo hupotea na kurejesha mipangilio hakutasaidia kitu. Kama mipangilio haikuguswa, ufunguo utafutwe. Skrini yenyewe huonyesha herufi na tarakimu za utambulisho wa ufunguo. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, mwenye mashine aingie katika akaunti yake ya Microsoft kwenye anwani aka.ms/myrecoverykey na kulinganisha utambulisho huo na funguo zilizohifadhiwa humo. Mwenye akaunti mbili azikague zote, pamoja na ile aliyoifungua siku ya kwanza kisha akaisahau. Kompyuta ya ofisi aghalabu ufunguo wake hutunzwa na kitengo cha TEHAMA. Wengine huwa waliuchapisha katika karatasi au kuuweka katika flashi wakati kinga ilipowashwa.

Ufunguo usipopatikana popote, hakuna fundi awezaye kuutengeneza, na Microsoft yenyewe imeeleza kwamba haina uwezo wa kuutoa upya. Kompyuta itaweza kutumika tena baada ya kuwekewa mfumo upya, lakini taarifa zilizokuwamo zitakuwa zimepotea. Fundi anayedai malipo ya awali kwa ahadi ya kuivunja BitLocker anauza hewa.

Hapa wanaonunua kompyuta zilizokwishatumika, ziwe za Kariakoo au zilizoagizwa kutoka nje, wanahitaji uangalifu wa ziada. Mashine inaweza kuwa ilisimbwa na mmiliki wa awali, na ufunguo ukawa umebaki katika akaunti yake au ya kampuni yake. Siku ya kununua, kabla ya kuweka nyaraka yoyote, ni vyema mfumo uwekwe upya, kisha ikaguliwe katika Mipangilio, sehemu ya Faragha na Usalama, kama usimbaji umewashwa, na ufunguo mpya uandikwe pembeni. Aliyekwishahama salama naye afanye hivyo leo hii. Na anayejiandaa kubadilisha BIOS aisitishe BitLocker kwanza kwa muda. Kusitisha si kuizima, na ukishamaliza huiruhusu iendelee.

Kundi la pili la matatizo linatokana na viendeshi. Kiendeshi ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa, mithili ya mkalimani: kadi ya mtandao ina chake, spika zina chake, padi ya kugusa ina chake. Mfumo unapobadilika, baadhi ya wakalimani hao huachwa nyuma. Dalili yake ni kifaa kutoweka kabisa, kwa mfano alama ya Wi-Fi kutoonekana hata kwenye orodha.

Mtumiaji hujikuta katika mzunguko: anahitaji intaneti ili apakue kiendeshi cha intaneti. Njia rahisi ni kuunganisha simu janja kwa waya wa chaja na kuwasha kipengele cha kushirikisha intaneti kupitia USB, ambacho hakihitaji Wi-Fi ya kompyuta. Baada ya hapo afungue Windows Update na kutazama sehemu ya masasisho ya hiari, kwani viendeshi vingi hukaa humo bila kujiweka vyenyewe. Visipopatikana, aende katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta akiwa na jina kamili la modeli, ambalo huandikwa chini ya mashine. Programu zinazojitangaza kwamba hutafuta viendeshi vyote kwa mpigo ziepukwe; si chache zinazokuja na virusi au matangazo yasiyokoma. Kama kifaa kilifanya kazi kisha kikagoma baada ya sasisho, katika Device Manager kuna kitufe cha kukirejesha kiendeshi cha awali.

Skrini ikiwa nyeusi huku kompyuta ikiunguruma, vibonyezwe kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Mbonyezo huo huwasha upya kiendeshi cha picha, na nyaraka iliyokuwa wazi haipotei.

Ipo hali nyingine inayofanana na hiyo lakini chanzo chake ni tofauti: Wi-Fi imeunganishwa vizuri, ila kivinjari kinatoa onyo kwamba tovuti si salama, hata ya benki au ya taasisi ya Serikali. Kabla ya kulaumu mtandao, itazamwe saa. Kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka 2019 hukataa vyeti vya usalama vya tovuti kwa kuwa kwake havijaanza kutumika. Kama saa hurudi nyuma kila mashine ikizimwa, betri ndogo ya mviringo iliyo katika ubao mkuu imechoka. Fundi huibadilisha kwa gharama ndogo.

Uzito wa kompyuta na betri kuisha haraka katika siku moja au mbili za mwanzo si jambo la kutisha, kwa kuwa mfumo mpya hupanga upya faharasa ya nyaraka zote na kupakua masasisho nyuma ya pazia. Iachwe kwenye umeme usiku mmoja. Uzito unaoendelea baada ya wiki ni suala jingine: kumbukumbu ya gigabaiti 4 ni kiwango cha chini kinachokubaliwa na Windows 11, lakini kwa kazi halisi haitoshelezi, na diski ya zamani inayozunguka huchelewesha zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Maofisini, malalamiko huwa juu ya printa na makabrasha ya pamoja. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, hivyo printa kongwe yenye kiendeshi cha biti 32 haitatambulika. Toleo la 24H2 la mfumo huo nalo limeongeza masharti: mawasiliano na kompyuta nyingine katika mtandao wa ndani sharti yawe na saini ya kiusalama, na kuingia kama mgeni bila nywila hakukubaliwi tena katika matoleo ya kiofisi. Kabrasha la mhasibu lililokuwa wazi kwa kila mmoja linafungwa ghafla, na skana haipeleki nakala kwenye kompyuta. Suluhisho ni kuweka jina la mtumiaji na nywila na kusasisha programu ya kifaa hicho, si kuondoa kinga ili mambo yaende. Mfumo wa kazi uliotengenezwa zamani kwa ajili ya Internet Explorer unaweza kufunguliwa ndani ya kivinjari cha Edge kwa hali maalumu iliyowekwa kwa kusudi hilo. Watumishi wa umma, kwa mashine za ofisi, wawasiliane na maofisa TEHAMA wao badala ya kujaribu wenyewe.

Wengine hawafiki hata huko, kwa kuwa zoezi hukwama katikati na Windows 10 kurudi yenyewe. Msimbo 0x80070070 maana yake diski haina nafasi. Ule unaoanza na 0xC1900101 huashiria kiendeshi kinachogoma. Ving'olewe vifaa vyote vya USB na programu ya kinga ya virusi isiyo ya Windows, kisha ijaribiwe tena. Kompyuta iliyokamilisha zoezi lakini haiwaki hufungua ukurasa wa matengenezo baada ya kushindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, na humo kitufe cha kuondoa sasisho la mwisho ndicho cha kuanza nacho. Inayowaka lakini ikayumba huweza kurekebishwa kwa amri mbili zinazotolewa kama msimamizi: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na baada yake sfc /scannow.

Matapeli nao wameona fursa. Tangazo linalojaza skrini, likitoa mlio na namba ya simu ya kupiga, si la Microsoft. Ujumbe halisi wa hitilafu wa kampuni hiyo hauna namba ya simu. Anayepiga na kuomba aruhusiwe kuingia katika kompyuta kwa mbali akatiwe simu. Ujumbe mfupi wa kitapeli unaweza kutolewa taarifa kwa kutuma namba ya tapeli kwenda 15040.

Wanaobaki ni wale ambao kompyuta zao hazikidhi vigezo, hasa zenye kichakata cha Intel kilichotangulia kizazi cha nane. Zipo mbinu za kuulazimisha mfumo mpya, lakini Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na anayezitumia anarudi palepale alipopakimbia. Njia iliyo rasmi ni kujiunga na mpango wa nyongeza ya ulinzi wa Windows 10 kwa watumiaji binafsi, unaoishia tarehe 13 Oktoba, 2026. Ada yake ni dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake katika akaunti ya Microsoft. Usajili hufanyika ndani ya Windows Update, na kompyuta inatakiwa iwe na toleo la 22H2.