Jinsi wenye kisukari wanavyoweza kula vyakula vya kukaanga vya Hanukkah

SIKUKUU ya Kiyahudi ya Hanukkah huadhimishwa kwa siku nane mfululizo, na kila jioni taa moja huongezwa katika kinara hadi zote nane ziwake. Jikoni nako karai huwekwa motoni kila jioni. Huko hutoka chapati za viazi ziitwazo latke, donati zenye jemu ziitwazo sufganiya, na vitumbua vya namna namna vinavyochovywa katika asali au shira. Kwa familia nyingi za Kiyahudi, harufu ya mafuta ya moto ndiyo dalili ya kwanza kwamba sikukuu imefika.

Kwa mtu mwenye kisukari, siku hizo nane ni mtihani. Akikataa kila kinachopakuliwa, huonekana kana kwamba anajitenga na wenziwe. Akila kama wanavyokula wengine, sukari katika damu yake hupanda usiku huohuo, na kesho yake jioni karamu huanza upya. Wapo wanaoamua kula kwa kificho na kuacha kupima sukari mpaka sikukuu ipite, jambo ambalo ni la hatari kuliko donati lenyewe.

Ushauri wa kitabibu wa siku hizi haumlazimishi mgonjwa kuihama meza ya sikukuu. Unachomtaka afanye ni kufahamu ni kitu gani hasa katika sahani kinachopandisha sukari, kwa kuwa wengi huyalaumu mafuta na kuvisahau viazi na unga.

Kwa nini mafuta?

Hanukkah hukumbusha tukio la mwaka 164 kabla ya Kristo, pale wapiganaji wa Kiyahudi walioongozwa na Yuda Makabayo walipolirejesha na kulitakasa Hekalu la Yerusalemu, lililokuwa limenajisiwa chini ya utawala wa mfalme Antioko wa Nne. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyomo katika Talmudi, mafuta safi yaliyopatikana hekaluni yalitosha kuwasha taa kwa siku moja tu, lakini yaliwaka siku nane. Ndiyo maana chakula cha sikukuu hii hupikwa kwa mafuta.

Hata hivyo, sheria ya dini ya Kiyahudi inaamuru kuwashwa kwa taa. Kula vyakula vya kukaanga ni desturi iliyojengeka baadaye, na desturi hiyo imebadilika kila mara kulingana na mahali na nyakati. Viazi, ambavyo leo hudhaniwa kuwa ndivyo roho ya Hanukkah, vilitoka Amerika na havikuwa chakula cha kawaida katika Ulaya ya Mashariki hadi karne ya 18 na ya 19. Katika nchi hizo za baridi mafuta ya zeituni yalikuwa ghali, hivyo latke zilikaangwa kwa mafuta ya bata bukini.

Wayahudi wa Moroko nao wana sfenji, andazi la mviringo lenye tundu katikati. Wale wenye asili ya Hispania wana bimuelo, na wa Iraki na Yemeni wana zalabia. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki akiviona vyakula hivyo atakumbuka kaimati na maandazi, maana ni ndugu wa jamii moja ya unga uliochachuka, mafuta na shira. Sufganiya yenye jemu ilienea zaidi katika karne ya 20, baada ya chama cha wafanyakazi cha Histadrut kuipigia debe katika miaka ya 1920.

Wanga ndio chanzo

Mafuta hayana wanga, kwa hiyo peke yake hayapandishi sukari mara moja. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta huwa na kalori zipatazo 120, na madhara yake huonekana zaidi katika uzito wa mwili na afya ya moyo. Jambo hilo si dogo, kwa sababu mtu mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo kuliko asiye nacho.

Kinachopandisha sukari ni wanga uliomo katika viazi, unga, jemu na asali. Latke moja ya ukubwa wa kiganja huwa na wanga wa gramu 10 hadi 15, kiasi kinachokaribia kile cha kipande kimoja cha mkate. Anayekula latke nne amekula kama vipande vitatu au vinne vya mkate kabla hajagusa chakula kingine. Sufganiya moja kubwa yenye uzito wa gramu 100 huweza kuwa na gramu 45 za wanga au zaidi, na kalori zinazozidi 350.

Mafuta huingia katika hesabu hii kwa njia nyingine. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, hivyo wanga wake huingia katika damu polepole. Mtu akipima sukari saa mbili baada ya kula anaweza kuikuta iko sawa na akalala kwa amani, kumbe itapanda saa tatu hadi tano baada ya mlo, yeye akiwa usingizini. Kwa anayejidunga insulini ya haraka hatari ni mbili: dawa inaweza kumshusha sukari mwanzoni, wakati chakula bado kiko tumboni, kisha sukari ikapanda baadaye, nguvu ya dawa ikiwa imekwisha.

Latke bila viazi vingi

Kutokana na hayo, kuoka latke badala ya kuzikaanga hakutoshi. Latke iliyookwa ina mafuta kidogo, lakini wanga wake ni uleule. Mpishi anayetaka kumsaidia mgonjwa lazima apunguze viazi na unga kwanza.

Njia nyepesi ni kuchanganya. Gramu 500 za viazi vibichi huwa na wanga wa gramu 85 hivi. Nusu ya viazi hivyo ikibadilishwa kwa zukini, yaani boga dogo la kijani, wanga wa mchanganyiko mzima hushuka hadi gramu 50 hivi, na ladha ya viazi haipotei. Koliflawa nayo hufaa. Muhimu ni kuikuna mboga, kuitia chumvi kidogo, kuiacha dakika kumi, kisha kuikamua kwa kitambaa mpaka maji yaishe. Mboga yenye maji huchemka badala ya kukaangika, na latke husambaratika.

Wengi hukimbilia viazi vitamu wakidhani ni dawa ya tatizo. Viazi vitamu vina vitamini A kwa wingi na ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zake mbichi zina wanga wa gramu 20 hivi, wakati viazi mviringo vina gramu 17. Mgonjwa hapaswi kuvila bila kipimo kwa kuamini kwamba havihesabiki.

Unga unaotumika kushikamanisha mchanganyiko unaweza kupunguzwa kwa kuongeza yai moja, au kubadilishwa kwa unga wa lozi, ambao una wanga kidogo. Kuhusu upishi wenyewe, kikaango kisichogandisha chakula huhitaji vijiko vichache tu vya mafuta ya zeituni. Anayependa joko anaweza kuipaka sinia mafuta, kuipasha katika joto la nyuzi 220, kisha kuoka latke na kuzigeuza zikianza kuwa za rangi ya dhahabu. Kwa njia hizo mafuta, ambayo ndiyo ukumbusho wa sikukuu, bado yapo. Anayekaanga kwa mafuta mengi ahakikishe yamefikia nyuzi 175 hadi 190, kwa sababu chakula kikitiwa katika mafuta yasiyo moto wa kutosha huyanywa.

Kitoweo nacho kina hesabu yake. Rojo la matufaha linalouzwa madukani mara nyingi huwa limetiwa sukari. Lililopikwa nyumbani bila sukari, likawekwa mdalasini, ni bora zaidi. Mtindi usio na sukari unaweza kuchukua nafasi ya krimu. Kanuni za ulaji za Kiyahudi haziruhusu maziwa na nyama katika mlo mmoja, kwa hiyo mtindi hufaa pale tu mlo usipokuwa na nyama.

Ipo pia desturi kongwe inayoweza kuokoa jahazi. Wayahudi wa zamani walikula vyakula vya jibini katika Hanukkah kwa kumkumbuka Yudithi, mwanamke anayesimuliwa kuwa alimlisha jemadari wa adui jibini ili apate kiu, anywe mvinyo na kulala. Chapati ndogo za jibini laini na mayai, zenye unga kidogo tu, zina wanga mchache kuliko latke za viazi. Anayezila hajaiacha mila. Amerudi katika tawi lake la kale.

Donati na shira

Sufganiya ni ngumu zaidi kubadilishwa, kwa kuwa bila unga haiwi sufganiya. Hapa kinachosaidia ni ukubwa. Donge la gramu 30 huwa na takriban theluthi moja ya wanga wa lile la gramu 100, na mtu hupata ladha yote anayoitafuta. Nusu ya unga mweupe ikibadilishwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa, nyuzinyuzi huongezeka. Ndani panaweza kutiwa jibini laini au matunda yaliyopondwa badala ya jemu, na juu mdalasini badala ya sukari ya unga.

Tahadhari inahitajika kwa bidhaa zilizoandikwa kwamba hazina sukari. Donati lisilo na sukari bado lina unga, na unga ni wanga. Baadhi ya vitamutamu, kama maltitoli, hupandisha sukari kwa kiasi fulani na huweza kuleta gesi na kuharisha vikiliwa kwa wingi. Kwa bimuelo na zalabia, ni heri shira iwekwe pembeni katika kibakuli, kila mtu achovye kidogo, kuliko kuvilowesha vyote tangu jikoni.

Kipimo na dawa

Kwa wagonjwa wengi watu wazima, viwango vinavyopendekezwa ni miligramu 80 hadi 130 kwa desilita kabla ya kula, yaani milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita, na chini ya miligramu 180, yaani milimoli 10, saa moja hadi mbili baada ya kuanza kula. Katika siku za vyakula vya mafuta, ni busara kupima tena kabla ya kulala. Mgonjwa asibadilishe mwenyewe kiasi cha insulini au vidonge. Azungumze na daktari wake kabla ya sikukuu, akimweleza ni vyakula gani hasa vitaliwa na saa ngapi.

Jambo moja husahaulika mara nyingi. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70, yaani milimoli 3.9, donati au sarafu za chokoleti wanazopewa watoto katika Hanukkah si tiba nzuri, kwa sababu mafuta yaliyomo huichelewesha sukari kufika katika damu. Kinachotakiwa ni gramu 15 za sukari ya haraka, kama vile nusu glasi ya maji ya matunda, kisha kupima tena baada ya dakika 15.

Katika siku nane za Hanukkah lazima iwemo Sabato, siku ambayo Wayahudi wanaoshika sheria hujizuia kutumia vifaa vya umeme. Hata hivyo, ni kanuni ya msingi ya dini hiyo kwamba kuokoa uhai hutangulia karibu amri zote. Mgonjwa mwenye shaka kuhusu kipimo au pampu ya insulini anashauriwa kumwuliza rabi wake mapema.

Wajibu wa wenyeji

Mgonjwa hali peke yake. Mwenyeji anayepanga meza anaweza kuanza na supu, kachumbari na samaki au kuku, kisha latke zikaja baadaye, watu wakiwa wamekwisha kupunguza njaa. Latke mbili baada ya mboga na nyama si sawa na latke sita juu ya tumbo tupu. Matembezi ya dakika 15 baada ya mlo husaidia misuli kutumia sukari. Aidha, familia inaweza kukubaliana kwamba vyakula vya kukaanga viliwe jioni mbili au tatu tu, na zile nyingine zibaki na taa, nyimbo na michezo ya watoto.

Kinachoumiza zaidi ni maneno. Kumshinikiza mgonjwa kwamba "moja haidhuru" ni vibaya, na kumkemea mbele ya wageni kila anaponyoosha mkono ni vibaya pia. Yote mawili humsukuma kula kwa kificho. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, anayehesabiwa wanga na kupewa insulini yake ipasavyo, donati dogo miongoni mwa wenzake linaweza kuwa na maana kubwa kuliko linavyoonekana.

Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, watu wazima wapatao milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2024. Kwa hesabu hiyo, ni meza chache za sikukuu, ziwe za Yerusalemu, New York au za jamii ndogo ya Wayahudi wa Nairobi, zisizo na mtu anayehusika. Mpishi akiyajua hayo mapema, atakuna zukini pamoja na viazi, na sahani moja itawafaa wote waliokaa mezani.