Mbona warsha nyingi kuhusu magenge ya vijana huishia ukumbini

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia nchini, kumbi za mikutano hujaa warsha kuhusu magenge ya vijana na utangamano wa jamii mbalimbali. Machifu, walimu, wazee wa mitaa, viongozi wa dini na vijana wenyewe huketi siku moja au mbili, wakasikiliza hotuba, wakala chamcha, wakapewa nauli na kurejea makwao.

Baada ya hapo, ni nadra mtu kuuliza ikiwa kuna kijana hata mmoja aliyeacha genge, au aliyekataa kujiunga nalo, kwa sababu ya kikao hicho.

Swali hilo si la kubeza. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takriban Wakenya watatu kati ya kila wanne walikuwa hawajatimiza umri wa miaka 35. Katika nchi kama hiyo, jinsi vijana wanavyofunzwa kuishi na wenzao ni suala la uhai na mauti.

Jibu pia lipo, angalau kwa sehemu. Nchini Marekani, ambako mafunzo ya aina hii yamepimwa na wataalamu kwa miongo kadhaa, imebainika kwamba zipo juhudi zinazosaidia, zipo zisizobadilisha lolote, na zipo ambazo huyatia nguvu magenge yenyewe.

Kabila ni koti tu

Ili kuelewa ni kwa nini warsha nyingi hukosa shabaha, inafaa kurejelea yaliyotokea jijini Nairobi miaka ya nyuma. Mnamo Machi 2002, watu zaidi ya 20 waliuawa mtaani Kariobangi wakati wavamizi waliohusishwa na kundi la Mungiki walipowashambulia wakazi kwa silaha butu na mapanga. Uvamizi huo ulichukuliwa kuwa kisasi dhidi ya kundi hasimu la Taliban.

Kwa kuwa wafuasi wengi wa Mungiki walikuwa Wakikuyu na wa Taliban walikuwa Waluo, watu wengi waliyaona mauaji hayo kama vita vya kikabila. Mwezi huohuo serikali ilipiga marufuku makundi 18, yakiwemo hayo mawili pamoja na Baghdad Boys na Jeshi la Mzee.

Marufuku hayo hayakuzima moto. Mnamo Novemba 2006 Mungiki na Taliban yalikabiliana tena, safari hii katika mtaa wa Mathare. Nyumba ziliteketezwa na maelfu ya wakazi wakahama. Kiini cha mzozo huo kilikuwa ada ambazo Mungiki lilitaka kuwatoza wapikaji wa chang'aa.

Hapo ndipo penye funzo. Kabila lilikuwa koti, lakini mwili uliovaa koti hilo ulikuwa pesa: nauli za matatu, ada za maji na umeme mitaani, malipo ya "ulinzi" yaliyotozwa nyumba hadi nyumba, na ujira kutoka kwa wanasiasa.

Warsha inayowahimiza vijana wa jamii mbili kupeana mikono, bila kutaja anayekusanya pesa katika kituo cha matatu, hulivua koti hilo kwa saa chache tu. Jioni ikifika, kila mmoja hulivaa tena, kwa kuwa baridi iliyomfanya alivae haijaondoka.

Kwa upande mwingine, si kila genge huvaa koti la kabila. Mombasa, makundi kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yamefahamika zaidi kwa mitaa yake. Mwezeshaji anayekwenda Kisauni na somo lililoandaliwa kwa ajili ya Mathare ni sawa na tabibu anayetoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Si kila maskani ni genge

Jambo la kwanza ambalo mafunzo mazuri hufafanua ni maana ya genge. Watafiti wa Ulaya na Marekani walioungana chini ya mtandao wa Eurogang walikubaliana kuwa genge ni kundi la vijana linalodumu, linaloshinda mitaani, na ambalo uvunjaji wa sheria ni sehemu ya utambulisho wake.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Vijana wasio na kazi wanaoketi maskani wakipiga gumzo wana sifa mbili za kwanza, lakini hawana ya tatu. Afisa wa polisi, chifu au mwalimu asiyejua tofauti hiyo huwatia wote katika kapu moja. Kijana anayekamatwa kwa sababu ya mtindo wa nywele au mahali alipoketi hutoka korokoroni akiwa na kinyongo, na pengine na marafiki wapya aliowapata humo.

Wanapokutanishwa kama genge

Kosa la pili hufanywa kwa nia njema. Ni lile la kulialika genge lote, kwa jina lake, na kuwapa viongozi wake viti vya mbele.

Kati ya 1961 na 1965, maafisa wa probesheni jijini Los Angeles walitekeleza mradi wa kukaa karibu na magenge manne makubwa. Waliwaandalia wanachama mikutano ya kila wiki, michezo na safari. Malcolm Klein, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeutathmini mradi huo, aligundua kwamba uhalifu haukupungua bali uliongezeka.

Sababu ilikuwa wazi alipoichunguza. Shughuli hizo ziliwakutanisha mara nyingi zaidi vijana ambao hapo awali walikuwa wamelegea. Genge lilipata umaarufu na kuvutia wanachama wapya. Klein alijaribu kinyume chake katika mradi mwingine wa 1966 na 1967: mikutano ya pamoja ilipunguzwa, na kila kijana akasaidiwa peke yake kupata kazi, shule au ushauri. Genge lilipungua, na idadi ya waliokamatwa ikashuka, ingawa mafanikio hayo hayakudumu baada ya mradi kufungwa.

Funzo lake kwa wanaoandaa warsha humu nchini ni bayana. Mwalike kijana kwa jina lake, si kwa jina la genge lake. Na marupurupu yakipitia mikononi mwa kiongozi wa genge, warsha itakuwa imemsaidia kulipa jeshi lake.

Siku moja haitoshi

Mfano wa tatu unahusu shule. Mnamo 1991, polisi wa mji wa Phoenix katika jimbo la Arizona walishiriki kuanzisha mpango uitwao G.R.E.A.T., ambapo maafisa huingia darasani kuwafunza wanafunzi jinsi ya kuepuka magenge. Mpango huo ulienea kote Marekani. Hata hivyo, utafiti wa kwanza wa kina ulionyesha kuwa wanafunzi waliofunzwa walijiunga na magenge sawa tu na wale ambao hawakufunzwa.

Badala ya kuyapuuza matokeo hayo, wahusika waliandika mtaala upya. Masomo yaliongezwa kutoka tisa hadi 13, na hotuba zikapunguzwa. Nafasi yake ilichukuliwa na mazoezi: kijana anajifunza jinsi ya kukataa anaposhawishiwa na rafiki, kutuliza hasira, na kutatua ugomvi bila ngumi.

Utafiti wa pili, ulioanza 2006 katika shule 31 za miji saba, ulipata tofauti. Mwaka mmoja baada ya mafunzo, uwezekano wa wanafunzi hao kujiunga na genge ulikuwa umepungua kwa asilimia 39 ikilinganishwa na wenzao. Miaka minne baadaye ulikuwa ungali chini kwa asilimia 24.

Hata hivyo mafanikio hayo yana mipaka. Watafiti haohao hawakuona upungufu wa maana katika vitendo vya fujo. Mafunzo yanaweza kumzuia kijana kuingia gengeni, lakini hayawezi peke yake kuuponya mtaa mzima. Linalodhihirika ni kuwa tabia hujengwa kwa kurudiarudia. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakunjwi kwa mkono mmoja wala kwa siku moja.

Kuishi pamoja hujifunzwa kwa kutenda

Kuhusu utangamano, msingi uliwekwa na mwanasaikolojia Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard katika kitabu chake cha 1954 kuhusu chuki baina ya makundi. Alieleza kwamba kuwakutanisha watu wa makundi tofauti hupunguza chuki iwapo watakuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na uungwaji mkono wa wenye mamlaka. Masharti hayo yakikosekana, huenda kila mmoja akarudi nyumbani na dhana zilezile alizokuja nazo.

Wakenya hawahitaji kusafiri mbali kuona masharti hayo yakitimizwa. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa 1987, kimewaleta pamoja watoto wa jamii zote za mtaa huo katika soka. Pamoja na kucheza, timu huzoa taka na kuzibua mitaro, na kazi hiyo huziletea pointi katika ligi. Klabu ya Mathare United iliyochipuka humo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mnamo 2008, mwaka uleule ambao nchi ilikuwa ikiuguza majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100.

Polisi nao wafunzwe

Ghasia hizo ndizo zilizozaa sheria ya 2008 iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Tangu hapo mafunzo mengi yamewalenga raia. Lakini kijana hujifunza maana ya usawa pia kutokana na anavyotendewa na anayebeba bunduki.

Mnamo Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, walikamatwa na baadhi yao kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Miaka mitano kabla ya hapo, Philip Alston, mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa, alikuwa amewashutumu polisi wa Kenya kwa mauaji ya kiholela, yakiwemo ya washukiwa wa Mungiki. Warsha inayowaketisha polisi na vijana meza moja bila kugusa kumbukumbu hizo huwa ni maigizo.

Vilevile, kijana anayeondoka gengeni anaacha kipato. Mipango ya ajira kama vile Kazi kwa Vijana ya 2009 na Kazi Mtaani ya 2020 ilitoa riziki kwa muda, kisha ikafikia kikomo. Mnamo Juni 17, 2025, wanaume waliobeba marungu na mijeledi, baadhi yao wakiwa juu ya pikipiki, waliwavamia waandamanaji katikati ya jiji la Nairobi. Siku hiyo ilionyesha jinsi soko la kukodisha nguvu za vijana lingali wazi kwa yeyote mwenye pesa.

Kwa hivyo, anayepokea mwaliko wa warsha ijayo ana haki ya kuwauliza waandalizi maswali manne. Je, wamechunguza ni pesa gani zinazolisha genge la mtaa huo? Wanawaalika vijana au wanayaalika magenge? Mafunzo yatarudiwa mara ngapi? Na mwaka mmoja baadaye, nani atarejea mtaani kuhesabu waliobadilika?

Asipopata jibu, bora pesa za kukodi ukumbi zinunue mipira na makoleo.